Likizo ya Baridi Niliyokutoroka

Thandeka mwanangu,

Najua utacheka ukiikuta karatasi hii ndani ya pasipoti yako. Tunalala nyumba moja, ukuta mmoja tu katikati yetu, na bado mama yako anakuandikia barua kama vile uko ng'ambo tayari. Cheka, lakini isome yote kabla watoto hawajaamka. Ninaiandika saluni, mlango nimeufunga, hita ya gesi iko miguuni, nawe uko kanisani wanakuombea safari njema. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Mdogo wako Musa anakielewa akikisikia, akijibu anajibu Kizulu, na kukisoma hawezi kabisa, kwa hiyo haya yatabaki kati yetu wawili.

Sitakuambia habari za masweta, wala chakula cha kwenye ndege, wala namna ya kuishi na watu wa Uarabuni. Wewe ni muuguzi, umewaona watu wakizaliwa na wakifa. Mimi najua nywele tu. Na kwenda kwako sikulaumu. Umetafuta kazi ya kudumu hapa Joburg mpaka nikakuonea huruma, waliokuita ni wa mbali, na mkataba wao wa miaka miwili hauruhusu kwenda na watoto. Lwazi na Amani nitakaa nao. Hilo tulishalimaliza na nimelikubali kwa moyo mweupe.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kile ulichoniomba jana nilipokuwa nakusuka.

Ulikuwa umeketi chini, katikati ya magoti yangu, kama ulivyokuwa ukiketi utotoni. Nilikuwa nimefika kisogoni, kwa hiyo uso wako sikuuona. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza sukari:

"Mama, kesho kutwa gari likija kunichukua, umchukue Lwazi mwende naye dukani, pale spaza. Mnunulie chips. Mkirudi nitakuwa nimeshaondoka."

"Hutamuaga?"

"Eish, Mama, usianze. Atalia, na mimi nikimwona analia sitapanda gari. Nimeshamwambia naenda holiday. Shule zikifunguliwa nitakuwa nimerudi, ndivyo anavyojua."

"Na zikifunguliwa?"

"Atakuwa ameshazoea. Watoto wanasahau, Mama."

Nikaendelea kusuka. Nilivuta kwa nguvu mpaka ukalalamika, nikakuambia utulie, nywele za safari hazisukwi kwa kubembeleza. Ukadhani nimekubali, ukaanza kunieleza habari za dawa ya kikohozi ya Amani. Lakini sikukubali, mwanangu. Nilikosa tu pa kuanzia, na hata sasa nimechana karatasi mbili.

Acha nianze na likizo yetu ya baridi, ile ya kwenda Morogoro, maana sidhani kama nimewahi kukusimulia yote. Wewe ulikuwa na miaka mitano kama Lwazi sasa. Musa alikuwa mchanga, anatambaa na kunyonya, umri huuhuu wa Amani. Baridi ilikuwa hiihii kavu ya Joburg inayopasua midomo.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Berea, ghorofani, chumba kimoja tulichogawana na familia nyingine kwa pazia. Baba yako alikuwa ameshaondoka. Habari zake unazijua: alizaliwa Morogoro, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa siasa, akanioa kulekule, nchi yao ilipokuwa huru akanileta kwao, na kwao kukamshinda yeye kabla hakujanishinda mimi. Mwaka ule dirisha letu lilikuwa limepasuka kioo, nimeliziba kwa kadibodi, na upepo wa Juni ulikuwa unaipiga ile kadibodi hadi asubuhi. Musa alikuwa na kifua. Akikohoa ulikuwa unaamka wewe kwanza, unamwekea mkono mgongoni kama ulivyoniona mimi nikifanya. Kisha shule zikafungwa, na krechi yako, ile chekechea, ikafunga nazo. Saluni niliyokuwa nasukia haikuwa na likizo. Nilikuchukua kazini siku chache, ukawa unafagia nywele chini na ufagio uliokuzidi urefu, na wateja wanakupenda. Mwenye saluni hakupenda. Akaniambia nichague.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Bibi yako wa Soweto, mama mkwe wangu, alikuja Berea mwenyewe wiki ile. Alipanda ngazi zote zile kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, akasimama mlangoni anahema, blanketi begani. Akanisemesha kwa Kiswahili alichobaki nacho tangu Morogoro, ila aliniita makoti, yaani mke wa mwanawe kwa Kizulu. Alisema, "Makoti, nipe mtoto akae kwangu likizo hii. Nina jiko la makaa, na watoto wenzake wapo." Nikamkatalia. Nilikuwa nimemchukia mwanawe, nikaona itakuwa udhaifu nisipomchukia na yeye. Hata chai sikumpa. Kwake palikuwa safari moja ya taksi, ningekwenda kukuona kila Jumapili. Mimi nikaona afadhali nikupeleke nchi tatu mbali, kwa mama yangu mzazi, kuliko kukuacha kwa mama wa mtu aliyeniacha. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Nikaomba ruhusa kazini, nikakopa nauli, nikakuambia tunaenda holiday.

Ulifurahi mpaka nikaogopa. Wenzako wa krechi walikuwa wanaenda Durban, na wewe hukuwahi kwenda popote. Ulimwambia kila mtu kwenye ngazi, hata yule mlinzi wa mlangoni ambaye hakuwa akimjibu mtu. Safari yenyewe ilikuwa adhabu. Pale mpakani Beitbridge tulishushwa alfajiri, foleni haina mwisho, mvuke unatoka vinywani. Nina Musa mgongoni, nina begi mkononi, wewe umebeba mfuko wa nepi. Ukanivuta sketi.

"Mama, hii ndiyo holiday yenyewe?"

"Ndiyo."

Ukaitazama ile foleni kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukasema, "Ni nzuri. Kuna watu wengi."

Nilicheka mpaka Musa akaamka. Nimeikumbuka foleni ile mara nyingi kuliko harusi yangu.

Na Morogoro tulifurahi, hilo lazima niliseme, kwa sababu ndilo linalouma. Watu wa kule walikuwa wanalia kipupwe, wamejifunga mashuka, na sisi tuliotoka Joburg tukawacheka, tukatembea na fulana. Bibi yako, mama yangu, alimshika Musa akamsugua kifua kwa mafuta asubuhi na jioni, na kikohozi kikapungua. Wewe ulifukuza vifaranga kutwa nzima. Ulijifunza kula ugali kwa mkono bila kujipaka mpaka kwenye nyusi. Ukungu ukishuka kutoka milimani ulikuwa unauita moshi, unauliza nani anapika huko juu. Nililala kama mtu mgonjwa. Tangu baba yako aondoke nilikuwa sijalala hivyo. Nilipoamka siku moja na kuona umeshaogeshwa, umeshakula, unacheka na mtu ambaye si mimi, ndipo wazo liliponiingia. Nilijiambia: mpaka Desemba tu, Musa apone, nipate chumba chenye dirisha zima.

Bibi yako hakukataa. Alisema tu, "Basi usimuage. Mtoto hutorokwa, akiagwa anapata homa." Sikushangaa, kwa kuwa na mimi nilitorokwa hivyohivyo mama alipokwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, na yeye nadhani alitorokwa na wake. Kwetu ni jambo la kawaida kama kumchanja mtoto. Unamtuma kwa jirani, akirudi mtu hayupo, analia siku mbili tatu, maisha yanaendelea.

Asubuhi ile Bibi alikupa sarafu ukanunue maandazi kwa jirani aliyekuwa akichoma pale kwenye kona. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, Musa nimeshamfunga mgongoni. Nilikuona kupitia upenyo. Ulikwenda unarukaruka, sarafu umeifumba ngumini. Hukugeuka nyuma, na kwa nini ungegeuka? Najiambiaga kwamba ungegeuka mara moja tu nisingeondoka. Ni uongo. Nauli nilikuwa nimeshalipa na moyo nilikuwa nimeshaufunga.

Bibi yako ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, miaka mingi baadaye, siku aliyotaka kuniumiza. Alisema ulirudi na maandazi kwenye gazeti, ukatafuta vyumbani, ukatafuta jikoni, ukaenda hata chooni. Kisha ukakaa kizingitini. Ukala lako. Langu na la Musa ukayafunga, ukakataa mtu yeyote asiyaguse, mpaka yakaota ukungu na Bibi akayatupa ukiwa umelala. Hukulia, alisema. Siku ya pili hukulia, wala ya tatu. Bibi akamshukuru Mungu kwamba mtoto huyu si msumbufu.

Nilikuwa nikipiga simu kutoka kontena la simu za kulipia pale Berea, na wewe unakimbizwa kwa jirani mwenye simu kuja kunisikia. Ulikuwa unauliza swali moja tu.

"Mama, shule zimefunguliwa?"

"Bado, mwanangu."

Mwezi uliofuata, vilevile. Bado. Nilijua nasema nini. Nilikuwa nasimama pale kwenye kontena, watoto wa Joburg wanapita barabarani na sare zao na mabegi, nami nakuambia bado. Januari Bibi akakuandikisha darasa la kwanza, ukavishwa sare. Uliponisikia tena kwenye simu ukasema, "Mbona huku wamefungua?" Nikasema laini ni mbaya, sikusikii. Baada ya hapo hukuuliza tena. Ulikuwa unanisalimia, unasema Bibi hajambo, kuku hawajambo, unampa mwenyewe simu yake.

Desemba ya kwanza sikuja, Musa alilazwa. Ya pili karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimekwisha, nikaogopa kwamba nikivuka mpaka sitarudi. Sababu hizo mbili ni za kweli na nimewaambia watu wote. Ipo nyingine ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimezoea. Mtoto mmoja ni mwepesi kuliko wawili, Thandeka. Nilikuwa nasuka hadi jioni, namchukua Musa, tunakula, tunalala, na siku zinapita sijakuwaza mpaka niione sare barabarani. Mwanzoni nilikuwa nalia. Kisha nikawa nalia Jumapili tu. Kisha ikafika Jumapili nikafua, nikapika, nikaenda ibadani, na jioni nikagundua kwamba sikulia. Nilijionea fahari kwamba nimepata nguvu.

Hilo ndilo ninalokuogopea. Kwamba utawakumbuka sana, siogopi. Kukumbuka kutakuumiza na maumivu yatakurudisha. Ninaogopa ile Jumapili utakayogundua kwamba hukulia, na hutakuwa na mtu wa kukuambia kwamba hiyo si nguvu. Ikifika, nipigie mimi. Usiseme chochote kama huwezi, piga tu, nitajua.

Nilikuja kukuchukua ukiwa na miaka minane. Ulitoka ndani umevaa gauni ambalo sikulinunua, ukapiga goti, ukasema, "Shikamoo." Nikakuitikia. Nikanyoosha mikono. Ukamgeukia Bibi, ukamuuliza kwa kunong'ona, lakini nilisikia: "Ndiye huyu?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya nanawa miguu.

Basi tukarudi Joburg, tukahamia mtaa huu wa La Rochelle, nikapata chumba chenye dirisha zima kama nilivyojiahidi. Wewe na Musa mkaanza kupigana kama ndugu, nikaona mambo yamekaa sawa. Isipokuwa dukani. Ukumbuke au usikumbuke, wewe ulikuwa hutumiki dukani. Kufua utafua, vyombo utaosha, Musa utambeba. Nikisema chukua hela ukalete mkate, unasimama mlangoni, mguu mmoja nje mmoja ndani, unasema, "Twende wote." Duka lenyewe lilikuwa ng'ambo ya barabara, hata robot la taa za barabarani halikuwapo la kusubiri. Nilikubembeleza, nikakufokea, mwishowe nikakupiga. Nilikupiga kwa kandambili, zaidi ya mara moja, nikisema Bibi amekudekeza, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ulikuwa unapigwa umesimama palepale mlangoni, unaniangalia mimi na unaangalia begi langu lililoning'inia ukutani.

Mama Furaha, yule Mkongo fundi cherehani tuliyepanga naye, ndiye aliyenishika mkono. Alisema, "Mama Thandeka, wacha. Huyu mutoto haiko na kichwa nguvu. Anaogopa. Unamupiga bure." Nikamwambia aangalie wa kwake. Hatukusalimiana wiki nzima. Lakini tangu siku ile nilianza kwenda dukani mwenyewe, na wewe unanifuata nyuma. Sikukuuliza kitu, nawe hukusema. Nilielewa nusu tu. Nusu ya pili umenipa jana, umekaa katikati ya magoti yangu, uliposema nimpeleke Lwazi spaza.

Unasema watoto wanasahau. Sawa. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye foleni ya kulipia unga, mimi na wewe, umetoka kazini umevaa sare yako ya uuguzi. Nilipogeuka kumtazama Amani mgongoni kwako nikakuta umeshika ukanda wa mkoba wangu. Umeushika kwa vidole viwili, huku unazungumza na simu. Unafanya hivyo kila tunapoingia dukani, tangu una miaka minane mpaka leo una watoto wawili. Nadhani hujui kwamba unafanya. Mimi sijawahi kuuvuta.

Waswahili walisema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu nimeletewa kweli, tena wawili, mmoja ana kikohozi na mwingine hali mboga. Sikatai. Nitawalea kwa nguvu zote nilizobakiza, na niliyokosea kwako nitajitahidi nisiyarudie kwao, ingawa mengine nitayarudia maana mimi ni yuleyule. Lakini kuna sehemu siwezi kukubebea.

Amani hana cha kuambiwa. Mnyonyeshe asubuhi mpaka aachie mwenyewe, usimkatize kwa sababu ya saa. Atakutafuta siku kadhaa, kisha atanipa mimi jina lako. Nitalikataa na bado atanipa. Utakaporudi atakukimbia, atajificha nyuma ya miguu yangu, na wewe utaona kwamba nimekuibia mtoto. Siku hiyo usimnyang'anye mikononi mwangu kama mimi nilivyotaka kukunyang'anya kwa Bibi. Kaa chini, ule chakula chako, umwache aje. Atachelewa. Wewe ulichukua mwaka na zaidi kabla hujaniita mama bila kufikiri.

Na bibi yao upande wa baba, aliyeko Bertrams, nitawapeleka kwake siku za Jumapili hata kama mwanawe amekukosea. Najua hutapenda. Nimeshakula ujinga huo, hauna ladha.

Aliyebaki ni Lwazi. Lwazi ana miaka mitano na anaamini kila neno unalomwambia. Juzi nilipokuwa napanga sanduku lako nimekuta ametia ndani kaptula yake ya kuogelea na ile ndoo yake ya mchanga. Kwake holiday ni bahari, na anadhani kwamba ukishafika utamwita. Nilizitoa nikaziweka chini ya mto wake. Leo asubuhi amezirudisha. Sikuzigusa tena, zimo mpaka sasa chini ya viatu vyako.

Unaogopa kilio chake. Na mimi nilikiogopa chako, na nikafanikiwa kabisa, sikukisikia hata mara moja. Wewe hukulia siku ile, hukulia siku ya pili, hukulia tulipomzika Bibi yako, hukulia baba wa watoto alipoondoka. Watu wanakusifu kwa moyo wa chuma. Mimi nikisikia sifa hiyo huwa nainamisha kichwa, kwa sababu najua chuma hicho kilitoka wapi. Sitaki mtoto mwingine wa nyumba hii apewe sifa hiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Spaza sitakwenda naye. Ukinituma sitasikia, na ukinikasirikia nitavumilia, hata ukiondoka umenuna. Gari likija atakuwa mlangoni.

Sijui umwambie kwa maneno gani. Mimi sikuwahi kuyatumia, kwa hiyo sina ya kukuazima. Labda umwambie kwa baridi, kwa kuwa miezi haijui bado. Kwamba baridi hii unaondoka, baridi ijayo hutakuwepo, na ile inayofuata ndiyo utakaporudi. Kwamba ni kazi, si holiday. Kwamba hatapanda ndege nawe. Na akikuuliza kwenye simu kama shule zimefunguliwa, sema zimefunguliwa.

Leo mchana nilipokuwa nakaanga vitumbua alikuja akaegemea mguu wangu. Akaniita Gogo, yaani bibi, akaniuliza kwa ile lugha yake ya kuchanganya holiday ya Mama inaisha lini.

"Hukumuuliza mwenyewe?"

"Nikimuuliza anasema soon, Gogo."

Nilizima jiko. Nilikuwa na neno mdomoni, lilelile la kontena la Berea. Limekaa miaka yote hii na bado lilikuja lenyewe. Nikalimeza. Nikamwambia kesho akiamka aje kwako, utamwambia vizuri. Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

Basi kesho atakuja kitandani kwako kabla hata ya kunawa uso, unamjua. Atauliza. Mwambie, Thandeka. Atalia, tena atalia sana, ataita majirani wote wa La Rochelle kwa sauti ile aliyopewa na Mungu. Mwache alie hiyo asubuhi, wakati mama yake bado yupo wa kumbeba.

Ni mimi,
Mama yako